Waliopona kwa Kusalimiwa

Hii haikutokea kwenu. Kwenu mabasi ya shule yana breki, na mtu wa bima akija hospitali huja na machungwa na hundi, akagawa vyote viwili, akaenda zake. Nasema mapema ili asitokee mtu wa kuniuliza nilikuwa namsema nani. Naisema nchi moja niliyoipita nikiwa njiani kwenda kwingine. Jina lake silitaji kwa sababu kila rais anayeingia huipa jina jipya, na nikilitaja la leo, kesho nitaonekana mwongo.

Ni nchi ya watu wenye adabu, hilo lazima nilitangulize. Sijasalimiwa popote kama nilivyosalimiwa pale. Unaingia dukani kununua kiberiti, mwenye duka anakuuliza habari za ulikotoka, za njiani, za nyumbani, za kazi, za watoto, za watoto wa ndugu zako, na wewe unajibu nzuri, nzuri, nzuri, mpaka unatoka dukani bila kiberiti. Hakuna anayejibu mbaya. Nilimwona mtu nyumba yake inaungua, jirani akamuuliza, "Habari za asubuhi?" Akasema, "Nzuri tu, ila naomba ndoo."

Sasa basi la Shule ya Msingi Nidhamu Bora lilikuwa basi zuri kuliko yote nchini, kwa sababu lilikuwa limezinduliwa. Si mara moja. Kila alipoteuliwa Waziri mpya wa Elimu alikuja kulizindua, na kila lilipozinduliwa lilipakwa rangi upya na kufungwa utepe. Rangi ilikuwa nene hata milango mingine haikufunguka. Fungu la breki lilitumika kununua mkasi wa kukatia utepe, mkasi wa ng'ambo, wenye mpini unaong'aa. Kuhusu usalama msiwe na shaka, maana mkaguzi wa magari alilikagua. Alikiendea kile kibandiko cha ukaguzi kilichobandikwa kiooni, akakivuta kwa ukucha, akaona kimeshika barabara. "Gari hili zima," akasema.

Siku hiyo nilikuwa chini ya kilima, mbele ya karai la Bi Mwatumu, nakula muhogo wa kukaanga. Bi Mwatumu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Ukimwambia muhogo wake haujaiva alikuambia meno yako ndiyo hayajaota. Mara tukasikia honi huko juu. Dereva alikuwa anapiga honi kwa nguvu zake zote, kwa kuwa katika gari lile honi ndiyo iliyokuwa inafanya kazi. Basi likateremka, likatupita, na watoto wakatupungia mikono wakidhani dereva wao ameamua kuwafurahisha. Likaacha barabara, likaingia kwenye mtaro uliochimbwa kwa ajili ya mabomba ya maji ya uchaguzi uliopita, likalala ubavu.

Bi Mwatumu alitupa upawa akakimbia. Binti yake alikuwa mle ndani.

Hakufa mtu. Mimi nililiona ni jambo la kushukuru, lakini askari wa barabarani aliyekuja alikasirika sana.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, afande."

"Sasa mnaniitia ajali gani? Ajali ina marehemu. Hii ni kuteleza."

Akaandika kuteleza. Na mimi kwa kuwa nilikuwa nimeona, nikaandikwa shahidi, nikaambiwa nisivuke mpaka wa nchi kabla kuteleza hakujasikilizwa. Ndivyo nilivyobaki katika nchi ile.

*

Watoto walilazwa wodi moja. Huyu mkono, yule mtulinga wa bega, yule kifundo cha mguu, kila mmoja amefungwa hogo lake, ile plasta nyeupe inayokauka ikawa kama jiwe. Wenyewe walianza kuandikiana majina juu yake kwa makaa.

Binti wa Bi Mwatumu alivunjika paja. Daktari wa mifupa, mtu aliyechoka hata akiwa amekaa, alimvuta mama pembeni akamwambia maneno niliyoyasikia kwa masikio yangu.

"Mama, hogo peke yake halitoshi hapa. Mfupa umepishana. Unataka chuma ndani. Ukishika hivi ulivyo, utashika vibaya, na mtoto atakuwa kilema maisha yake."

"Basi tia hicho chuma, baba."

"Sisi hatuna. Shule imekatiwa bima na Kampuni ya Usihofu, wao ndio wa kukitoa. Wakikubali leo, kesho napasua. Ila wakichelewa, mfupa hautawangoja."

Mtoto mwenyewe aliitwa Siwajibu. Alipokuwa tumboni, majirani walimsema sana mama yake: mimba ya nani, huyo nani yuko wapi, mbona haonekani. Bi Mwatumu hakumjibu hata mmoja. Mtoto alipozaliwa akampa jina hilo, liwe jibu moja kwa mtaa mzima. Binti mwenyewe alikua mpole, mwenye adabu hata kwa paka. Akipita mbele ya mtu mzima hupiga goti kidogo. Alijaribu kulipiga hata akiwa kitandani, nesi akamkataza.

Siku ya pili wakaja Usihofu. Aliyeongoza alikuwa Bwana Ndimbo, Mkurugenzi wa Pole na Maliwazo. Suti nyeusi, leso nyeupe, na nyuma yake karani aliyebeba kinasa sauti kama anavyobebwa mtoto mchanga. Akapita kitanda kwa kitanda, anainama, anashika vidole vya mtoto, anasema kwa sauti ya mgonjwa kuliko mgonjwa:

"Pole sana, mwanangu."

"Asante, nimeshapoa."

"Hujambo lakini?"

"Sijambo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu, marahaba."

Kisha anawageukia wazazi. "Poleni sana, ndugu zangu. Poleni kwa mtihani huu."

"Tumeshapoa, baba. Tunamshukuru Mungu."

Bwana Ndimbo akafuta macho kwa leso. Kila kitanda kikaachiwa biskuti moja. Mimi niliguswa, siwafichi. Nilisema hapa sasa nimefika kwa watu.

Kesho yake wakaja watu wengine wa kampuni ileile, wenye misumeno midogo. Wakaanza kitanda cha kwanza, wakashika hogo la mtoto wakaanza kulikata.

"Mnafanya nini?" nesi akapiga kelele.

"Tunarudisha vifaa. Hawa wameshapoa."

"Nani kasema?"

"Wamesema wenyewe."

Ndipo tukaelezwa ile Sheria ya Kauli Njema. Sheria nzuri sana ukiielewa. Inasema kwamba jibu la salamu, likitolewa mbele ya afisa, ni ushahidi kamili wa afya ya mjibuji. Aliyesema nimeshapoa, amepoa. Aliyesema sijambo hana jambo, na asiye na jambo hana dai. Mzazi aliyesema tunamshukuru Mungu amethibitisha kwamba amepokea na ameridhika, kwa sababu mtu hashukuru asichopewa.

Mzee Mbaruku, fundi baiskeli, alisimama mbele ya kitanda cha mwanawe akatanua mikono.

"Lakini mkono wa mwanangu umevunjika! Si huu hapa? Hebu utazame!"

"Baba, mimi si daktari, kutazama si kazi yangu. Mimi nasikia. Na nimesikia sijambo."

"Ile ni salamu tu!"

"Kumbe mwanao alikuwa anamdanganya afisa?" yule mwenye msumeno akauliza kwa upole. "Maana kumdanganya afisa kuna sheria yake nyingine. Nikuletee?"

Mzee Mbaruku akashusha mikono. Jioni ile alimfunga mwanawe kwa vipande vya mbao na mpira wa tairi la baiskeli, akamwongoza nyumbani.

Walipofika kwa Siwajibu wakasita. Karani akafungua kinasa sauti, akasikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Jana Bwana Ndimbo alipopita, mtoto alikuwa amelala kwa sindano ya maumivu, na mama yake alikuwa ametoka kuchukua uji.

"Huyu kakoroma," karani akasema.

"Kakoroma vipi? Vizuri au vibaya?"

"Kakoroma tu. Kukoroma hakumo kwenye sheria."

Wakaondoka na misumeno yao. Hogo la Siwajibu likabaki peke yake wodi nzima. Kwa kuwa hajajibu, dai lake lilikuwa bado hai, na lingepelekwa Baraza la Madai wiki iliyofuata. Kama hatajibu mpaka siku hiyo, chuma kitatoka. Akijibu, hata kwa bahati mbaya, atarudi nyumbani na mguu uliopishana.

*

"Siwajibu, mwanangu," Bi Mwatumu akaanza, amekaa ukingoni mwa kitanda, "kuanzia leo hujibu salamu ya mtu."

"Hata ya mwalimu?"

"Hata ya mwalimu."

"Hata nikiulizwa na babu huyu?" akaninyooshea kidole mimi.

"Huyu babu hana akili, atakusalimia kwa kusahau. Usimjibu."

Alikuwa anasema kweli.

"Shikamoo je, mama?"

Bi Mwatumu akafikiri. Shikamoo mtoto ndiye anayeianza, si jibu, haisemi kama mtu ni mzima au mgonjwa. "Shikamoo nadhani haina neno."

"Lakini nikisema shikamoo, wataitikia marahaba, halafu watasema hujambo."

"Basi usianze."

"Watasema sina adabu."

"Waseme."

"Watasema mama yangu hakunifunza."

Hapo Bi Mwatumu aligeuza uso akajifanya anatafuta kijiko. "Waseme," akasema akiwa bado ametupa mgongo. "Mimi nishasemwa. Wewe angalia mguu wako."

Kampuni nayo haikulala. Iliunda Kikosi Maalumu cha Salamu, na wodi ile ambayo zamani haikufagiwa ikapata wafagizi wapya, nadhifu, wasiojua ufagio unashikwa upande gani. Kila mmoja akifika kitanda kile anasimama: "Umeamkaje, kipenzi?" Wakamlaza mtu kitanda cha jirani, mzima kama mimi na wewe, amefungwa bandeji kichwani juu ya kofia. Kazi yake ilikuwa kugeuka kila baada ya muda na kuuliza, "Hujambo, jirani?" Dirishani wakapita waimbaji, na kibwagizo cha kila wimbo wao kilikuwa kinataka kuitikiwa. Siwajibu aliuma shuka. Aliliuma mpaka likatoboka, akahamia pembe nyingine.

Hata nesi aliyekuwa upande wetu, mama wa watu, aliingia asubuhi moja na sinia la dawa akasema, "Hujambo, Siwajibu?" Kisha akajipiga kibao cha mdomo mwenyewe, vidonge vikatawanyika sakafuni.

Lakini karibu wamshinde kwa yule bibi. Alikuja ajuza amejifunga kanga mbili, kikapu kichwani, anatembea kwa kujikongoja. Akaweka kikapu chini akaanza kulia.

"Mjukuu wangu! Damu yangu! Mimi ndiye bibi yako, mzaa baba. Nimekutafuta mimi, nimekutafuta! Hujambo, mjukuu wangu?"

Mtoto hakuwahi kumwona hata mtu mmoja wa upande huo. Aliachia shuka. Macho yakamjaa, midomo ikaanza kufunguka, na mimi niliyekuwa karibu nikawa nimeduwaa tu, sijui nimzibe mdomo au nimwache. Bi Mwatumu akatokea mlangoni na bakuli la uji.

"Mzaa baba?" akasema. "Alhamdulillahi! Twende sasa hivi unipeleke kwa huyo mwanao. Miaka yote namtafuta, nina maneno yake!"

Ajuza akasahau kujikongoja. Alitoka mbio akaacha kikapu. Tukakifunua: magazeti ya zamani yaliyokunjwakunjwa, na juu yake ndizi moja ya kuonekana.

Siwajibu alilia siku ile mpaka akalala, na hakulia kwa ajili ya mguu.

Kwenye redio ya nesi tulimsikia Waziri wa Mila na Bima akilihutubia taifa. "Ndugu wananchi! Nchi yetu haikujengwa kwa saruji. Imejengwa kwa salamu! Baba zetu hawakuwa na barabara, hawakuwa na hospitali, lakini walikuwa hawajambo! Nasikia yuko mtoto, sitaki kumtaja, anayekataa kuitikia. Mtoto anayekataa salamu leo, kesho atakataa kodi, keshokutwa atakataa kura! Hatutakubali mguu mmoja uangushe taifa zima!"

"Mguu wenyewe hausimami, utaangusha nini?" Bi Mwatumu akauambia mkebe wa redio.

Daktari alipita kila siku, akigonga paja juu ya hogo na kusikiliza kama anayebisha hodi. "Unaanza kushika," alisema siku ya mwisho. Hakusema vizuri au vibaya.

*

Baraza la Madai lilikaa kwenye ukumbi mkubwa wenye viti vingi vya wakubwa na benchi moja la wenye madai. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Chambega, mtu mnene, mpole wa uso, anayejifuta jasho hata kabla halijatoka. Siwajibu aliletwa kwa kubebwa, akakalishwa kwenye benchi, hogo limenyooshwa mbele. Bi Mwatumu alikaa ubavuni kwake, amemshika mkono. Mzee Mbaruku na wazazi wengine walijaa nyuma, wamekuja kuona kama kuna hata mmoja atakayepona kupona.

Nikaitwa mimi kwanza, shahidi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kueleza habari za honi, rangi, mtaro, mkasi, kila kitu. Nikasimama.

"Habari, mzee?" Mwenyekiti akasema.

"Nzuri," nikasema.

"Andika," akamwambia karani wa Baraza. "Habari alizonazo shahidi ni nzuri. Kaa chini, mzee, asante sana."

"Lakini Mheshimiwa, mimi sijasema..."

"Umesema. Kaa."

Nikakaa. Bi Mwatumu alinitazama tu, na kwa mwanamke yule kutonitukana kulikuwa kubaya kuliko kunitukana.

Wakamjaribu mtoto. Akasalimiwa na Mwenyekiti, akasalimiwa na wajumbe mmoja mmoja kwa cheo, akasalimiwa na askari wa mlangoni. Siwajibu ameuma pembe ya kanga ya mama yake, macho yanamtoka. Goti la mguu mzima lilikuwa linacheza lenyewe kila alipopita mtu mzima, mama yake akiliwekea mkono kulituliza.

Bwana Ndimbo akasimama, akakunja leso yake.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Kampuni ya Usihofu inaomba kumleta shahidi wake wa mwisho."

Mlango ukafunguliwa, akaingia Mwalimu Mkuu wa Nidhamu Bora, Mwalimu Kondo. Amevaa suti mpya, inafanana na ya Bwana Ndimbo kwa kila kifungo. Mkononi ameshika fimbo yake ya siku zote. Hakumtazama mtoto. Alitazama ukumbi mzima kama anavyotazama mstari wa asubuhi, akapiga fimbo sakafuni, akasema kwa ile sauti:

"Watoto, hamjambo!"

Wanaojua shule ile wanajua kwamba pale mtoto haitikii amekaa. Kwanza unasimama. Wamefundishwa hivyo tangu darasa la kwanza, na hawakufundishwa kwa maneno. Siwajibu mdomo wake ulibaki umeuma kanga. Lakini mwili ulikuwa wa mwanafunzi. Ukasimama.

Ulisimama muda wa mtu kupepesa jicho. Halafu tukasikia hogo likipasuka, na mtoto akaenda chini.

"Pole!" ukumbi mzima ukasema. Wazazi, askari, karani, wajumbe, hata Mwalimu Kondo. Na sauti iliyosikika zaidi, kwa kuwa ilikuwa na kipaza sauti mbele yake, ilikuwa ya Mheshimiwa Mwenyekiti. "Pole sana, mwanangu!"

Bi Mwatumu alikuwa ameshapiga magoti, kichwa cha mtoto mapajani. Bwana Ndimbo peke yake ndiye aliyekuwa anatabasamu.

"Mheshimiwa, sote tumeona. Amesimama! Mtu mwenye paja lililovunjika hasimami. Kwa hiyo alikuwa mzima. Kama sasa amevunjika, amevunjika hapa, ndani ya ukumbi huu. Ukumbi si basi. Kampuni yangu haihusiki. Anayehusika ni mwenye ukumbi."

Mwenyekiti akaacha kujifuta jasho. "Mwenye ukumbi ni Baraza."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na Baraza... karani, Baraza lina bima?"

Karani akamnong'oneza sikioni. Sura ya Mwenyekiti ikabadilika. Baraza la Madai ya Bima halikuwa na bima. Walikuwa wameomba, na Usihofu walikuja kuwasalimia, wakajibu hawajambo.

Bi Mwatumu akainua kichwa pale chini. Uso umelowa, lakini sauti yake ilikuwa ileile ya kwenye karai.

"Na wewe Mheshimiwa umesema pole! Ukumbi wote umesikia. Pole ya nini, kama hapa hakuna mgonjwa? Kama jibu la mwanangu ni ushahidi, na pole yako ni ushahidi. Mwandikeni naye!"

Kule nyuma Mzee Mbaruku akapiga kofi moja, akaogopa, akaacha.

"Tulieni," Mwenyekiti akasema. "Tulieni. Pole niliyoitoa..." akatazama dari, akamtazama karani, "pole niliyoitoa haikuwa ya hapa. Ilikuwa ya kule. Ilikuwa ni pole ya basi, ila ilichelewa. Ofisi hii ina kazi nyingi."

"Mheshimiwa!" Bwana Ndimbo akaruka.

"Andika, karani. Baraza linampa mtoto pole ya basi. Mguu huu ulikuwa umeshavunjika tangu kwenye mtaro. Humu ndani umeanguka tu, haukuvunjika. Humu ndani havunjiki mtu!"

Bwana Ndimbo aliona chuma kinamponyoka. Akaziacha kanuni, akaliacha jukwaa, akaja mpaka pale chini akachuchumaa. Akatoa ile leso, akaleta ile sauti ya mgonjwa kuliko mgonjwa. Karani wake akasogeza kinasa sauti karibu na uso wa mtoto.

"Mwanangu," akasema, "tuyaache haya ya wakubwa. Mimi ni baba tu. Niambie mimi. Hujambo?"

Siwajibu alimtazama Bwana Ndimbo, akamtazama mwalimu na fimbo yake, akautazama ukumbi wote uliokuwa umeinama kumsikiliza. Akaitoa kanga mdomoni.

"Siwajibu," akasema.

"Kajibu!" Bwana Ndimbo akapaza sauti. "Mmesikia, kajibu!"

"Kajibu nini?" Mwenyekiti akauliza.

"Kasema siwajibu," karani wa Baraza akasema.

"Basi hajajibu."

"Lakini ndilo jina lake, Mheshimiwa."

"Aliulizwa jina?"

"Hakuulizwa. Aliulizwa hali."

"Na hali akasema hajibu."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Amejibu kwamba hajibu."

Mwenyekiti alifunga macho. Nadhani alikuwa anauona ukumbi wake usio na bima. "Andika hajajibu," akasema. "Usihofu watoe chuma. Leo. Tumefunga!"

*

Chuma kilitoka, na daktari akapasua. Ilibidi kwanza auvunje upya mfupa uliokuwa umeanza kushika vibaya, alisema, na hilo lisingehitajika kama wangekubali siku ile ya kwanza. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Habari zikaenea. Msimu ule akina mama waliojifungua waliandikisha majina ambayo hayajawahi kusikika: Sijapoa, Badonaumwa, Ninajambo, na mtoto mmoja wa kiume aliitwa Muulizenimama. Serikali haikuchelewa. Ilitoka amri kwamba kuanzia sasa kila jina liwe la furaha na lipitishwe na Waziri. Mwalimu Kondo akapandishwa cheo. Bwana Ndimbo akapewa nishani ya uvumilivu kwa kuwa ndiye pekee katika kesi ile aliyekosa kitu.

Nami nikaruhusiwa kuondoka, kuteleza kumesikilizwa. Nikaenda wodini kuaga. Siwajibu alikuwa ameegemea mto, mama yake anampoza uji. Nikavuta kigoda, na kabla sijakaa vizuri mdomo wangu ukasema wenyewe:

"Hujambo, mjukuu wangu?"

Bi Mwatumu akanyanyua kikombe kama anayetaka kunirushia.

Siwajibu alitazama mlangoni. Akatazama dirishani. Akajipinda akachungulia chini ya kitanda. Kisha akafunua shuka akanionyesha. Paja limevimba, mshono mrefu una nyuzi nyeusi, ngozi bado ina rangi ya dawa. Na huko chini kabisa vidole vya mguu, akavichezesha kimoja kimoja, polepole, huku akiniangalia kama nimeviona.

Nikamwambia nimeviona.

Nje ya geti nikakutana na wenzake wa basi lile wakitoka shule. Walikuwa wanakwenda kwa miguu maana basi lilikuwa linapakwa rangi, Waziri mpya anakuja kulizindua. Mbele alikuwa mtoto wa Mzee Mbaruku, mkono wake umeshika umepinda kwa nje, begi amelitundika hapohapo palipopinda. Mmoja alikuwa na gongo la mti wa ufagio. Mmoja alibebwa mgongoni na dada yake.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba," nikasema, na sikuwahi kujiziba mdomo. "Hamjambo?"

"Hatujamboo!" wakaitika wote kwa pamoja, kama walivyofundishwa, wakanipita wakichechemea.